Ukuta Uliokataa Kuisha

Wasomaji wangu, Jumanne tulimzika fundi mwashi wa mtaa wetu hapa Kamembe, na nakiri kwamba makaburini nilijificha nyuma ya mwavuli nikicheka. Nilimpenda sana yule bwana. Lakini sijamwona mwingine ambaye nusura afungwe kwa sababu ya kukwepa kufungwa.

Kisa kilianza na kipaza sauti. Jirani yake, mama muuza sambaza, alikuwa amerekodi sauti yake akinadi samaki, na kipaza sauti kikawa kinairudia kila asubuhi, bila kituo. Siku moja fundi akatoka na nyundo, akakivunja vipande vipande. Lilikuwa kosa lake la kwanza maishani, naye akakiri palepale, kwa hiyo mwendesha mashtaka hakumpeleka mahakamani. Alimpa masharti: amwombe mama radhi, na amjengee upya ukuta wa ua ulioangushwa na mvua, vyote ndani ya miezi mitatu. Kwa kuwa fundi alikulia Bukavu na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea maji tu, yule afisa akamweleza kwa Kiswahili, tena kwa upole: ukimaliza ukuta, tutafunga.

Alimaanisha dosiye, yaani jalada la kesi. Fundi akasikia jela. Basi nikaona maajabu: mtu aliyezoea kusimamisha nyumba nzima kwa wiki tatu sasa anaweka matofali manne kwa siku, na kesho yake anabomoa mawili, eti hayajanyooka. Mama akawa anampelekea chai na mandazi, hasira zikaisha, wakawa wanashinda wakibishana habari za kwaya. Siku nazo zikayoyoma. Ilipobaki wiki moja, mama akanijia analia: muda ukipita, dosiye inakwenda mahakamani, tafadhali niseme na huyu mtu. Nikaenda, nikamkemea, nikamuuliza kama anaitamani jela. Akashusha mwiko, akanitazama kama mimi ndiye mjinga.

"Ni ile jela njo naogopa, Mzee. Nikimaliza huu ukuta, batanifunga. Mukubwa alisema yeye mwenyewe."

"Kinachofungwa ni dosiye, Papa. Wewe unarudi kwako."

Akaketi juu ya matofali, akalia kama mtoto, kisha akacheka mpaka akapaliwa. Ukuta aliumaliza kwa siku mbili.

Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu unawadekeza wakosaji. Sikubali hata kidogo. Miezi mitatu alimtazama usoni kila siku mtu aliyemuumiza, na adhabu hiyo mimi mwenyewe ningeikimbia. Ninachoomba ni kwamba anayepewa nafasi aelezwe kwa maneno yasiyo na mlango wa pili, kwa maana huyu wetu nusura aipoteze kwa neno moja tu. Pale makaburini yule mama alilia kuliko sisi sote, hadi mgeni mmoja akamuuliza kama marehemu alikuwa ndugu yake.

"Hapana," akajibu. "Ni muntu alinikosea."