Gonja za Shimoni Zamfikisha Deodatha Harusini

Saa nne asubuhi, Kanoni wilayani Karagwe. Nyuma ya nyumba yenye harusi, Deodatha Mugisha anazunguka tuta la udongo linalofuka moshi. Hatulii. Chini ya tuta hilo, gonja mbivu, zile ndizi ndefu za kuchoma, zinaokwa nzima nzima na maganda yake.

"Shimo halichunguliwi," anasema. "Ukifunua mapema joto linakimbia, na halirudi."

Deodatha anauza chai na chapati Bugene. Hii ndiyo harusi yake ya kwanza kukabidhiwa kitindamlo, na hafichi woga wake. "Zikiungua leo, habari itafika Bugene kabla yangu. Nani ataniita tena?"

Asiyemwamini kabisa ni Auleria, shangazi wa bibi harusi.

"Mwanangu, watu wamevaa suti, wewe unawafukulia chakula ardhini?" anamtania. Lakini haondoki pale.

Ujuzi huu ulizaliwa na kosa. Deodatha alipokuwa bado mke mgeni huko Kihanga, mama mkwe wake, Placidia, alimtuma kupasha joto shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe ya ndizi. Shimo hilo hupashwa kwa moto mwepesi wa majani makavu ya mgomba. Deodatha, kwa kutaka sifa, akawasha magogo na kuacha makaa chini. Siku ya kufukua, ndizi zilikuwa zimepikika, na pombe ya wageni ndiyo basi tena.

"Nililia, nikajua narudishwa kwetu," anasema huku akicheka. "Mama mkwe akamenya moja, akala. Akamenya nyingine. Akasema, 'Pombe umeiua, lakini hiki usikiache.'"

Baadaye akahamia kwenye gonja, maana zinastahimili moto bila kupondeka.

Sasa muda umefika. Jembe linaondoa udongo, majani ya mgomba yananyanyuliwa, na harufu inatanda uwanja mzima. Deodatha anapasua ganda la kwanza. Ndani kumelainika, rangi ya asali, utamu unachuruzika. Anapiga kigelegele peke yake, bila aibu. Raha iliyoje!

Auleria anapewa gonja yenye mtindi mzito juu. Anakula akiwa amesimama. Kisha anavuta sahani ya pili.

"Mwezi wa nane, mimi na mzee wangu tunabariki ndoa kanisani, wajukuu wakishuhudia," anasema hatimaye. "Keki sitaki. Uje unichimbie."

Deodatha anamrukia na kumkumbatia, mikono imejaa udongo.

"Nitachimba mawili, shangazi! Moja la wageni, moja lenu wawili!"