Dympna na Mtu Asiyekumbuka

Dympna Garvey alizaliwa Mayo, magharibi ya Ayalandi, katika nyumba ambayo farasi alilishwa kabla ya baba mwenye nyumba. Alivuka bahari kuja Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, akiwa msichana, akapata kazi ya kutunza farasi wa mbio kwenye mazizi ya mzee Stanley Mewburn, na pale pale akazeekea. Mimi nilipoajiriwa nilimkuta tayari ana mvi, mgongo umempinda kidogo, na sauti yake ikisikika kutoka banda la mwisho akimsemesha farasi kama mtu anayemsuta jirani. Aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita dada, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Ujanani alikuwa mlevi. Hilo hakulificha. Watu wa mazizini tunaamka na giza, tunapigwa na baridi, tunavunjwa mbavu na wanyama tunaowapenda, na jioni wengi wetu hatuoni pa kwenda isipokuwa baa. Dympna alikunywa nao mpaka asubuhi moja alipozinduka hospitalini, meno mawili hayapo, shavu limeshonwa, na hajui nani aliyemfanya vile wala wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alinieleza kwamba meno hayakumuuma kama lile shimo kichwani, siku nzima ya maisha yake ambayo watu wengine wanayo na yeye hana. Tangu hapo hakugusa tena pombe, hata ya Krismasi.

Farasi wake wa mwisho alikuwa Biskuti. Kwenye karatasi za mbio alikuwa na jina refu la kifahari, lakini rangi yake ilikuwa ya biskuti iliyokaa sana kwenye oveni, basi zizini tukamwita hivyo. Alikuja kwetu mtoto mtoto, anauma, anapiga teke, na ukimkaribia kutoka nyuma anapandwa na wazimu. Inaelekea huko alikotoka kuna mtu aliyekuwa akimpiga. Watunzaji wawili walimkataa. Dympna akachukua ndoo, akaigeuza, akaikalia ndani ya banda lake kila mchana wa majira yale ya baridi, akala mkate wake bila kumtazama. Siku farasi aliposogea mwenyewe kunusa mkate, Dympna hakumwambia mtu. Nilimwona tu akitoka mle ndani anajipangusa uso na mkono wa koti.

Biskuti hakuwa bingwa. Alishinda mbio ndogo mbili, na mara nyingi alifika wa nne, wa tano. Lakini alikuwa akimfuata Dympna uani bila kamba kama mbwa, na yeye, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na mtu wa kumwamkia.

Mwezi wa Agosti tulimpeleka kwenye uwanja wa mbio wa Skelbeck.

Skelbeck siku ya Jumamosi sisi wa mazizini hatukuipenda. Watu huanza kunywa kwenye treni, na wanaposhuka stesheni wengine hawaoni vizuri ngazi. Zamani, alisema Dympna, watu walikuja kutazama farasi na bia ikawasindikiza. Sasa walikuja kwa bia, na farasi walikuwa kelele ya nyuma. Ilipofika mbio ya tatu siku ile, wasichana walikuwa wanatembea peku, viatu mkononi, kofia zao za manyoya zimelala shingoni. Wanaume waliovalia suti za kubana walikuwa wamelala kwenye nyasi kama waliopigwa risasi. Nyuma ya vyoo vijana wawili walikuwa wanapigana, na wenzao wamewazunguka wanaimba. Mlinzi mmoja, mzee aliyevaa fulana ya njano, alikuwa amekaa kwenye kreti na kitambaa chenye damu puani.

Tatizo lilikuwa njia. Ili kumtoa farasi mabandani na kumfikisha kwenye duara wanapotembezwa kabla ya kukimbia, ilibidi upite nyuma ya hema kubwa la bia, na kati yako na walevi palikuwa na kamba tu. Dympna alikwisha kulalamika, mwaka ule na mwaka uliotangulia. Wenye uwanja walimjibu kwa adabu kwamba wamesikia. Mwaka ule hema lilisogezwa karibu zaidi.

Basi saa ya mbio ya tano tukatoka, mimi mbele na farasi wetu mwingine, Dympna nyuma na Biskuti. Hemani ugomvi ulikuwa umeanza. Nasikia chanzo chake ni kofia: mtu wa kundi moja aliivaa kofia ya mtu wa kundi lingine, na walikuwa wamelewa tilalila wote. Glasi za plastiki zikaanza kuruka, bia ikamwagika hewani, kundi zima likasukumwa nje kuelekea kwenye kamba. Biskuti akasimama, masikio yamelala nyuma. Nikamsikia Dympna anamwambia taratibu, twende baba, hawa si chochote, ni upepo tu, twende. Na farasi akaanza kutii. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye walisema farasi alikuwa mkorofi. Aliinua mguu akaanza kumfuata.

Hapo mwanamume mmoja akapita chini ya kamba. Alikuwa mrefu, shati limetoka nje ya suruali, ua la harusi limening'inia kifuani, maana walikuwa kundi lililokuja kumuaga bwana harusi mtarajiwa. Akageuka kuwatazama wenzake, simu zao zimeshainuliwa, akacheka, akainua mkono, akampiga Biskuti kofi la matakoni kwa nguvu zake zote.

Farasi alipaa. Dympna hakuiachia kamba. Angeiachia, pengine bega lake lingepona, lakini mbele kulikuwa na watu na watoto, kwa hiyo aliishikilia, akaburutwa kama gunia juu ya changarawe mpaka kamba ikamponyoka. Biskuti akaruka kizuizi cha chuma, akatua kwenye lami iliyolowa bia, kwato zikateleza. Mguu wa mbele ulivunjika chini ya goti. Mlio wake niliusikia kutoka nilipokuwa.

Halafu akainuka. Farasi huinuka, hilo ndilo baya lake. Alisimama kwa miguu mitatu, ule wa nne unabembea, anatafuta kwa macho. Dympna alimfikia kabla ya daktari wa mifugo. Mkono wake wa kulia haukuwa mahali pake, ulining'inia kama wa mwanasesere, na uso wake upande mmoja ulikuwa nyama tupu. Akamshika hatamu kwa mkono wa kushoto, akaegemeza paji lake kwenye paji la farasi. Watu wa uwanja wakaleta mapazia ya kijani kuwazunguka, kama inavyofanywa. Waliokuwa karibu wengine walilia. Wengi walirekodi. Na kutoka hemani sauti ya mtu ikapaa, nzito na ya furaha.

"Leo baga za farasi, bure!"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka kiasi cha sisi kusikia. Daktari akafanya kazi yake, maana farasi aliyevunjika hivyo haponi, hupunguziwa mateso tu. Dympna alikaa chini pamoja na farasi alipoanguka, akakataa kutoka mpaka nilipomshika mimi kiunoni. Mbio ya tano ilichelewa kidogo tu, kisha ikakimbiwa.

Yule mtu alikamatwa muda mfupi baadaye, hawezi hata kutaja jina lake. Jina lilikuwa Kirk Ollerenshaw, dereva wa basi la wanafunzi, mume wa mtu, baba wa mabinti wawili. Video ya wenzake ilizunguka kila mahali. Alifukuzwa kazi, mahakama ikampa adhabu ya kufagia barabara za mji wake na ikamkataza kukanyaga uwanja wowote wa mbio. Watu waliandika kwamba anyongwe. Dympna hakwenda mahakamani wala hakuandika kitu. Bega lilifanyiwa upasuaji mara mbili na halikurudi. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua, na mtunza farasi asiyeweza kuinua mkono hawezi kumfunga farasi lijamu. Mzee Mewburn hakumfukuza. Alimwachia chumba chake, akampa kazi ya kuosha ndoo na kukunja mablanketi. Biskuti hakutajwa. Banda lake likaingizwa farasi mwingine, na Dympna akawa anapita upande wa pili wa ua.

Mwezi wa Januari, mvua ya barafu ikinyesha, gari dogo likasimama getini. Tulikuwa wawili kwenye chumba cha chai. Mlangoni akasimama mtu mrefu aliyekonda, kofia ya sufu mkononi. Mimi sikumjua. Dympna alimjua papo hapo, akaweka kikombe chini.

Akasema jina lake. Akasema hakuja kuomba msamaha, kwa sababu anajua hastahili, ila ana swali. Nilisimama ili nimtoe nje. Dympna akanizuia kwa macho.

"Sema," akamwambia.

Akaeleza kwa kuhangaika. Hakumbuki. Anakumbuka treni, anakumbuka wanaimba, anakumbuka mtu anampa glasi jua likiwa kali. Baada ya hapo ni selo ya polisi na kiatu kimoja. Hakimu hakumwamini, mkewe hamwamini, hata wakili wake alimshauri asilitaje. Ile video ameitazama mpaka ameikariri. Anamwona mtu mwenye sura yake akifanya jambo lile, lakini yeye hajioni mle ndani. Na kwenye video farasi anaonekana mpaka anaporuka tu. Baada ya hapo simu imeelekea chini, ni miguu na vicheko.

"Nataka kujua kilichofuata," akasema. "Niliyoyafanya mimi. Hakuna anayetaka kuniambia, mama. Wananiambia tu mimi ni mnyama."

Mimi nilidhani ni uongo wa mlevi, ule wa kawaida. Nikamtazama Dympna, na nikaona kwamba yeye anamwamini. Katika wote waliomsikiliza mtu yule, pengine ni yeye peke yake aliyemwamini. Lakini uso wake haukulainika hata kidogo.

"Kaa," akasema. "Nitakwambia yote. Usinikatize."

Akamweleza. Alianza na ile ndoo na mkate, akaja kwenye kamba ya hemani, kofi, changarawe, lami. Alimweleza jinsi mfupa ulivyotoka nje ya ngozi na jinsi farasi alivyojaribu kuukanyagia, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa kuwa hakuelewa. Alieleza kwa sauti ile ile anayotumia kueleza ndoo ipi ya nani. Kirk alitazama mikono yake. Mvua ilipiga bati. Alipofika kwenye mapazia alivuta kikombe akanywa chai, na mtu yule akadhani amemaliza.

"Nilikuwa nimeshakamatwa?"

"Hapana. Ulikuja. Ulichungulia juu ya pazia, wewe ni mrefu. Ukanitazama mimi chini pale."

"Nikasema nini?"

"Ulisema, mbona farasi hainuki? Ukamuuliza mwenzako, mbona hainuki? Kisha ukacheka."

Hilo hata mimi sikulijua. Alikuwa amelibeba peke yake tangu Agosti.

Mtu yule alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Alilia na kofia mdomoni. Dympna alimngoja kama unavyomngoja farasi amalize kukohoa, halafu akamuuliza kama bado anakunywa.

"Nimepunguza," akasema.

Dympna akainuka. Mkono mzima ukachukua kikombe, akakimwaga kwenye sinki.

"Mimi nilipoteza siku moja hivi hivi," akasema, amempa mgongo. "Hakuna aliyekuja kuniambia, na nilifikiri kuambiwa ni heri. Sasa wewe umeambiwa. Nenda nayo nyumbani."

Kirk alitoka bila kuvaa kofia. Nilimwona kupitia dirisha amesimama getini, ameshika nguzo, anatapika. Dympna hakutazama. Nilimwambia angeweza kumfichia lile neno la mwisho. Akanijibu kwamba aliliombea nafasi ya kulisema tangu ile siku, na sasa amelisema, na hajisikii amepumua. Alidhani litamtoka. Halikutoka.

Majira ya kuchipua alirudi Mayo kwa dada yake. Mzee Mewburn alimshika mkono getini. Mimi nilimpeleka melini. Hakuwa na mzigo wa maana.

Agosti iliyofuata nilikwenda Skelbeck kwa sababu kazi ni kazi. Wamejenga ukuta wa chuma kwenye njia, mrefu kupita kichwa cha farasi. Hema sasa ni mawili. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia wanaimba, na glasi moja ilipita juu ikaangukia mbele yetu, tupu.

Vuli ile dada wa Kirk Ollerenshaw alinisimamisha sokoni. Aliambiwa mimi ni wa mazizi yale. Alitaka yule mama wa Ayalandi ajue kwamba kaka yake hanywi tena kabisa, tangu siku ile ya Januari, hata tone. Nikamwambia hizo ni habari njema. Akatikisa kichwa. Hanywi, akasema, lakini pia hasemi. Akirudi kutoka kazini, siku hizi anapakia mizigo ghalani, anakaa ndani ya gari mbele ya nyumba yake mpaka binti zake walale. Mkewe anamwona dirishani na amechoka kumwita.

Nilimpigia Dympna Jumapili nikamweleza yote. Akaniuliza kama nyasi za mwaka huu zimekaushwa kabla ya mvua.

Dada yake huzungumza nami zaidi kuliko yeye. Ananiambia Dympna anakula, anakwenda kanisani, analea kuku vizuri. Jirani ana farasi jike kwenye konde linalopakana na nyumba, mnyama mpole, kila asubuhi huja mpaka ukutani na kuweka kichwa juu ya mawe. Dympna amehamia chumba cha upande mwingine, kile kidogo kisichopata jua.