Siku Nilipolia Machozi ya Rangi ya Chungwa

Mmeniuliza mbona kijiji kizima cha Kibugu huniita Karoti, na mimi kwa kawaida hujibu kwamba nilikuwa nazipenda nikiwa mtoto, lakini huo ni uongo, na leo kwa vile tumekaa wenyewe nitawaambia ukweli, ila mtu asinicheke kabla sijafika mwisho. Ni aibu ambayo nimeibeba mpaka ikanizoea.

Yote yalianza na kikohozi. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, kazi yangu ni kupima magunia na kuandika kilo, na vumbi na baridi ya asubuhi huko juu karibu na msitu ni mambo ya kawaida, kwa hivyo nilikohoa wiki tano nikisema ni hali ya hewa. Mama ndiye alinisukuma mpaka kituo cha afya. Nikapimwa makohozi, nikaambiwa ni TB, na nesi mmoja mnene mwenye miwani akanikalisha chini akanieleza dawa polepole kama anayefundisha katekisimu. Vidonge kila asubuhi kabla ya kula, miezi sita, usiruke hata siku moja. Pombe weka kando. Ukiona macho yamekuwa ya manjano au unatapika bila kukoma, rudi hapa mbio, ini linalalamika. Miguu ikianza kufa ganzi niambie, hiyo ina vitamini yake. "Na usishtuke," akasema, "mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Jasho pia. Hata machozi."

Nikacheka, nikamwambia mimi si mtu wa kulia. (Kumbukeni hilo.)

Halafu akachukua kalamu akaniuliza swali ambalo mpaka leo huwa nalisikia nikioga: "Unakaa karibu na nani? Taja wote, waje wapimwe." Nikamtaja mama, nikamtaja kaka yangu Njeru na mke wake. "Na mwingine?" Nikaangalia dirisha, nikasema hakuna.

Alikuwepo. Alikuwepo Wawira.

Wawira ni wa kwetu, boma lao liko ng'ambo ya mto, lakini alikuwa nesi katika hospitali moja kule Meru mjini, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja nyumbani na ndizi za kuiva kutoka soko la Gakoromone, anapitia kwetu kwanza kabla hata ya kwao, tunakaa nyuma ya jiko la mama, anamenya moja ananipa nusu, anakula nusu, na tunaongea mpaka mama aanze kugonga sufuria kutukumbusha kwamba jua limezama. Sikuwahi kumwambia nampenda. Nilikuwa nimeridhika na nusu ya ndizi, mjinga mimi.

Sasa mbona sikumtaja? Kwa sababu ya ujinga ule ule. Nilimwona akilini akisikia neno TB na kusogeza kiti nyuma kidogo, kidogo tu, na nikajua kwamba hicho kiti kingeniua kabla ya ugonjwa. (Kwamba yeye ni nesi, na kwamba anashinda na wagonjwa wa kifua kila siku ya Mungu, hilo halikunijia kichwani hata kidogo.)

Wiki za kwanza nilikuwa na sababu ya kukaa mbali, nesi mwenyewe alisema nisijifungie na watu. Lakini baadaye nilipimwa tena, akaniambia siambukizi mtu, niishi na watu kama kawaida ila tu nisiache dawa. Mimi nikawa nimeshazoea kujificha. Wawira akipiga simu, nasema ni msimu wa majani. Siku moja alikuja mpaka kituoni, na mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho na ndevu, nikachutama nyuma ya magunia mpaka akaenda. Mara ya mwisho alipiga akasema, "Nyaga, nimepata kazi ya ng'ambo, nje ya nchi. Wananingoja nisaini. Kuna kitu nataka tuongee kabla." Nikamjibu, "Wacha majani yapungue kwanza."

Nyinyi mnajua Kibugu. Majani hayapungui.

Basi nikasikia kwa mama kwamba Wawira ameshasaini, anasafiri Jumatatu, na Jumamosi kutakuwa na maombi ya kumuaga kwao, watu wote wavae nyeupe. Sikulala. Niliamua kwamba siku hiyo nitasimama niseme yote, nikaazima shati la Njeru la harusi, jeupe mpaka linaumiza macho, nikameza vidonge vyangu kama kawaida, nikaenda.

Hema lilikuwa limejaa, mukimo wa viazi na mahindi unanukia, jua limewaka kama tuko kule chini Mbeere, na mimi nikaanza kutoa jasho la hofu. Aliyenigundua kwanza ni Tata Igoki, shangazi yake Wawira, mama wa kanisa ambaye jicho lake halikosi kitu. "Wewe kijana, mbona kola yako imeiva?" Nikajifanya sijasikia. MC akaita marafiki wa Wawira mmoja mmoja, kila mtu aseme neno, na jina langu likaitwa, nikapewa maiki.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana, nimeyafanyia mazoezi kwenye mistari ya chai nikiwa peke yangu. Lakini niligeuka nikamwona amekaa pale mbele na gauni lake jeupe, amekonda kidogo, ananiangalia kama mtu anayengoja gari ambalo ameshaambiwa limejaa. Nikasema, "Wawira, mimi..." na hapo machozi yakatangulia. Jamani, nililia. Nilitoa kitambaa cheupe nikajipangusa uso, nikajipangusa tena, na niliposhusha mkono hema lote likavuta pumzi.

"Uuui! Damu!" Tata Igoki akapiga kelele. "Analia damu!"

Nikaangalia kitambaa. Kilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Hapo ndipo ningesema ukweli yakaisha, sivyo? Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea kudanganya, nikasema kwenye maiki, "Si damu, ni karoti. Nimekunywa maji ya karoti."

"Karoti itatokaje kwa macho?" Tata akauliza, na swali lilikuwa la haki kabisa. Mchungaji akafika akaniwekea mkono kichwani akaanza kukemea pepo, kwaya ikaanzisha wimbo bila kuulizwa, mtu fulani akanimwagia jagi la maji kifuani akidhani nazimia, na shati la harusi la Njeru likaanza kutiririsha michirizi ya chungwa kutoka kola mpaka mfukoni. Nikabaki nimesimama katikati nikiwa nimeloa, nikitamani ardhi ya Kibugu, ambayo huporomoka kila mvua ikinyesha, iporomoke hiyo siku pia.

Ni Wawira aliyesukuma watu akanifikia. Akanishika kidevu, akalivuta kope langu chini kama anavyofanya kazini, akaangalia.

"Hii si damu. Uko kwa dawa za TB. Tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa," nikamjibu kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya siri. Kumbe maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, chini ya kidevu, na spika za yule MC zilikuwa zinasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Viti vya mbele vikasogezwa nyuma. Nilivisikia. Cha Wawira hakikusogea, kwa sababu hakuwa kwenye kiti, alikuwa amenishika.

"Na hukuniambia? Nyaga, mimi ni nesi."

"Niliogopa utanikimbia."

"Nikukimbie? Si ni wewe ulijificha nyuma ya magunia? Niliona viatu vyako." Akaliachia kope langu. "Kwa ile picha ya kifua ya visa walinikuta niko sawa, ushukuru Mungu. Lakini ile karatasi ya kazi nilikaa nayo wiki tatu bila kusaini. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniambie nisiende."

"Mtu gani huyo?" Tata Igoki akauliza (damu alikuwa ameshaisahau).

Hapo Wawira akainua macho akaangalia zile spika, akajua kwamba ng'ombe wa Kibugu pia wamesikia. Lakini hakuondoa mkono wake.

"Usiende," nikasema.

"Nimesaini, Nyaga."

Kisha akaniuliza kama nimepimwa tena, nikasema ndiyo, siambukizi, naye akageukia watu, sauti yake ikawa ya wodini: "Kaeni chini. Ni rangi ya dawa tu, inatoka kwa jasho na kwa machozi. Na ameshapimwa, haambukizi mtu." Akanipakulia chakula kwa sahani ya nyumbani kwao, akakaa karibu nami akala nusu ya ndizi, nusu akanipa. Jumatatu akaenda.

Shati la Njeru halikutoka doa mpaka leo, na yeye hakosi kunikumbusha. Lakini huko aliko, Wawira alinitumia ujumbe kila asubuhi, neno moja tu: "Umemeza?" Nami nikajibu, "Nimemeza." Miezi minne. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kungoja hilo neno, na nawaambia ukweli, sijawahi kuwa mgonjwa kwa furaha namna hiyo. Siku nilipomeza kidonge cha mwisho nilimwandikia kwamba nimemaliza. Akajibu, "Hongera sana. Mungu ni mwema." Asubuhi iliyofuata nilishika simu mpaka uji ukapoa. Nikafikiria hata kukohoa.

Machozi yangu siku hizi hayana rangi, yakitoka hakuna anayepiga kelele. Nimeapa sitaficha tena dawa ninayomeza, hata iwe ya minyoo, na hasa sitamficha mtu ambaye ningetaka anishike mkono nikiimeza.

Nilirudi kwa yule nesi wa miwani anipime mara ya mwisho. Akaniambia nimepona, akachukua kalamu afunge kadi yangu. Nikamwambia angoje, kuna jina niliacha mwanzoni, la mtu ninayekaa naye karibu.

"Anakaa wapi?"

"Ng'ambo."

Akanitazama juu ya miwani. "Sasa huyo ni wa nini, na kadi inafungwa leo?"

"Andika tu," nikamwambia. "Wawira."