Sonyo la Melania Kisimani

Dada yangu Melania hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Ni fundi. Alianza na baiskeli kule Kambarage, akahamia kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu Nyarugusu, na kila shimo lilipokauka alifunga begi, akamshika mkono binti yake Ritha, wakahama. Ritha yuko darasa la tano na ameshasoma shule nne.

Kwa hiyo kijiji kimoja jirani na Bulyanhulu kilipotangaza kinataka fundi wa kudumu wa pampu za maji, mwenye mshahara na nyumba, Melania alifika kabla tangazo halijakauka gundi. Uamuzi ulikuwa wa Bwana Ishida, mtaalamu Mjapani aliyefunga pampu zile. Angewatazama mafundi watatu kwa siku nne, kisha achague. Mkalimani nilikuwa mimi. Kijiji kiliamini diploma yangu ya madini, ambayo muhula wa mwisho sijauonja, ina Kijapani ndani yake. Ukweli ni kwamba mimi na Ishida tulikuwa tunabahatisha Kiingereza.

Siku ya kwanza Melania alipiga goti. "Shikamoo." Ishida akainama. Melania, kuona mtu mzima anamwinamia, akashuka zaidi. Yule naye akashuka. Nikaona nisipowatenganisha mmoja ataingia kisimani.

Mchana akampelekea bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ishida akatabasamu, akapunga mkono mbele ya pua kama anayefukuza harufu.

"Nanuka?" Melania akaniuliza jioni.

"Sana, ila si leo tu."

Akaoga mara tatu. Kesho yake akampa chai, mkono ukapungwa tena puani. Siku ya tatu dada alikuja amejisugua sabuni ya kufulia mpaka nzi wanampisha njia.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa jingine. Kila alipofungua pampu, Ishida alisimama nyuma yake, akalaza kichwa upande, akavuta hewa katikati ya meno: sssss.

"Ananisonya," Melania alisema, akizunguka chumba chetu cha kupanga. "Mbele ya wanaume wote wale!"

"Labda ana jino bovu."

"Linamuuma kila nikishika spana tu? Begi liko tayari. Kesho akirudia, tunaondoka."

"Na Ritha?"

Akafungua zipu ya begi, akaifunga.

Wenzake, Marwa na Yasini, hawakuwa na presha. Ishida akivuta hewa, wao: "Hakuna shida, bosi!" kisha wanakaza nati.

Siku ya nne ikaletwa kesi ya pampu inayotoa maji ndoo mbili, halafu inakauka. Marwa akakaza nati. Hakuna shida. Yasini akakaza zile zile. Hakuna shida. Melania akashika mpini, akautegea sikio. Nyuma yake: sssss.

Basi. Dada yangu akageuka, akamkazia macho, akamsonya. Sonyo refu, la kutoka Nyarugusu mpaka Kambarage bila kusimama njiani. Mzee Herman, mwenyekiti wa kamati ya maji, akafumba macho.

"Mayu, mama yangu," akanong'ona, "nyumba ndiyo imeondoka hiyo."

Ishida akang'aa uso mzima. "Ngumu, eh?" Akavuta hewa tena, akionyesha chini kisimani. Akanieleza kwamba kwao mtu huvuta hewa hivyo jambo linapokuwa gumu. Siku tatu anawaambia mafundi kazi ni ngumu, wanamjibu hakuna shida. Huyu peke yake ndiye amekubaliana naye.

Nikatafsiri haraka. Kwamba kwetu sonyo ni tusi, hilo sikumwambia Ishida.

"Ngumu ndiyo!" Melania akafoka, hasira bado ziko juu. "Bomba la chini limepasuka, maji yanarudi kisimani. Hizi nati za juu wanazikaza za nini?"

Wakayavuta mabomba. La sita lilikuwa na ufa mrefu kama kiganja.

Ishida akaelekeza kiganja chini, akamwita Melania kwa vidole, kwenye meza yenye mkataba. Hilo halikuhitaji mkalimani. Hata sisi tunaitana hivyo.

Jioni, chumbani, akakumbuka. "Na ule mkono wa puani?"

"Ni 'hapana, asante' tu."

"Umejua lini?"

"Juzi. Nilimuuliza."

Akanisonya, na hilo halikuwa na ugumu wowote ndani yake. Akafungua begi atafute cha kunirushia. Zikaruka kanga, kandambili, sare za shule nne. Mimi nimechutama nyuma ya ndoo, naomba asifikie spana. Ritha anaokota sare moja moja, anazitundika kwenye misumari ya ukutani.