Matawi ya Kogo

Juzi karibu na Mulot nilikuta lori limeharibika, na dereva ametandaza matawi barabarani kutuonya. Harufu ya majani mabichi yaliyovunjwa ikaingia dirishani. Niwaambie ukweli, harufu hiyo hainipi raha mpaka leo.

Nilikuwa na miaka minane na miguu isiyotulia. Kogo, nyanya yangu, alinichukua twende Ndanai kwa dada yake aliyekuwa mahututi. Mgonjwa alikuwa ameagiza kitu kimoja tu: mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye mkaa, kutoka kwa mkono wa mama yangu, ambaye mgonjwa huyo ndiye aliyemlea tangu utotoni. Mama alikuwa na majani ya chai ya kupeleka kwanza kwenye kituo cha kuuzia. Angetufuata na kibuyu.

Barabara ilizunguka mno, kwa hiyo tulishika njia ya zamani ya miguu. Watu walikuwa wameshaanza kuiacha, na Mama aliipita mara ya mwisho akiwa msichana. Ilikata mashamba ya chai, ikavuka mto kwenye mawe, ikapotea ndani ya miti ya miwati, ikajitokeza tena ilipotaka.

Kila njia panda, Kogo alivunja tawi akalilaza kwenye njia tuliyoiacha, ili anayekuja nyuma asiishike. Hilo nalijua sasa. Hakunieleza, kwetu jambo hilo lilijulikana tu. Mimi niliona ananitengenezea fimbo. Niliokota kila tawi, nikachapa vichaka vya chai mpaka majani yakaisha, nikalitupa na kungoja lingine.

"Cherono, unachapa nini huko nyuma?"

"Ng'ombe, Kogo!"

"Basi wachunge wasile chai ya wenyewe."

Tulifika saa saba. Mgonjwa aliuliza mara mbili, "Msichana wangu amefika?" Saa tisa ikapita, kumi ikapita. Kogo alitoka mlangoni, akaingia, akatoka tena.

Mama alifika jua likizama, sketi imeraruliwa na miiba, kibuyu kizima mkononi. Mgonjwa alikuwa ameshatuacha.

"Mama, mbona hukuweka matawi?" Mama alimlilia Kogo.

Kogo alinitazama. Viganja vyangu vilikuwa bado vya kijani.

"Nilisahau," akasema. "Ni uzee, mwanangu. Nisamehe."

Mama alimnunia kwa miezi. Tuliporudi baada ya mazishi, Kogo alivunja tawi kila njia panda, akanipa mimi nililaze. Nilidhani ananifundisha mila tu. Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba alijua, na kwamba alilibeba kosa langu ili Mama asinichukie.

Kogo alizikwa nalo. Njia ile sasa imefunikwa na chai, lakini Mama bado huwaambia wageni, "Mama yangu alisahau matawi," nami hujifanya nakoroga chai.

Juzi pale Mulot niligeuza gari. Nilimkuta Mama shambani, kikapu mgongoni, akichuma. Sikumsalimia hata.

"Mama," nikasema, "Kogo hakusahau."