Diski Niliyoificha Peke Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, Bukavu imenyamaza hata jogoo wa jirani alipowika tulimwona hana akili. Habari zilikuwa zimepanda kutoka bondeni kwamba askari wako njiani, na kwamba kila wanapopita, ofisi hubaki kuta tupu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya kanisa, iliyowatafutia nyumba watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Majina yao yote, zaidi ya mia mbili, yalikuwa ndani ya kompyuta mpakato moja: mtoto fulani, ameokotwa wapi, amewekwa kwa familia gani. Karatasi tulizichoma wenyewe, maana karatasi husomwa na yeyote anayevunja mlango.

Basi nikafanya ujanja wa mafundi wa wakati ule. Nilitoa betri, nikafungua parafujo mbili za chini, nikaivuta polepole ile diski yenye majina, na mahali pake nikatia nyingine niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Kisha nikaweka mfumo mpya kabisa kutoka kwenye CD. Unajiuliza, mfumo mpya wa nini, na mashine inangoja kuibwa? Askari akiwasha asione kitu, anajua kuna kilichofichwa, na fimbo zinaanza. Akiona inawaka vizuri, anaibeba na kwenda zake. Kazi ilichukua saa nzima, jenereta ikikohoa uani. Mwishowe kioo kikawaka, kitupu na safi, kama nyumba ambamo hajalala mtu. Nilijiona bingwa.

Mlangoni alikuwa amesimama Maman Nsimire, sekretari wetu, mama wa rika la mama yangu. Alijua naishi peke yangu, na kila Jumatatu aliniletea viazi vitamu vya kuchemsha, eti vimebaki nyumbani. Havikuwa vimebaki.

"Ile disque utaificha wapi?" akaniuliza.

"Pahali, Maman."

"Pahali gani? Ambia hata mutu moja tu. Kama haiko mimi, ambia padiri."

"Maman, wewe andika barua zako. Mambo ya mashine iko yangu."

Hakukasirika. Alinitazama kidogo, akasema: "Mutoto yangu, kitu yenye mutu moja tu anajua, iko sawa imeshapotea."

Usinihukumu haraka. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jirani tuliyekuwa tukila naye bugali sahani moja aliwaonyesha askari mlango wetu, na kaka yangu alichukuliwa, hatukumwona tena. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Tangu siku ile sikumwamini mtu, na kutoamini huko nikadhani ndiyo akili. Nikaifunga diski katika plastiki, nikaipandisha juu ya dari ya chumba changu, mtaa wa Kadutu. Kesho yake risasi zilianza. Nikakimbia na umati kando ya ziwa mpaka Kalehe, barabara ikafungwa nyuma yetu.

Kule Kalehe nilikaa miezi miwili, homa ya matumbo ikinilaza mkekani kwa watu nisiowajua. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa. Na askari, mwanangu, hawakuifikia ofisi yetu hata siku moja. Kompyuta ilibaki mezani pale pale, nzima, na mfumo wake mpya, bila jina hata moja.

Ndipo akaja pale ofisini mama mmoja kutoka Luberizi, kule bondeni, mkulima wa mpunga, jina lake Maman Zawadi. Alikuwa amepanda kwa miguu siku nne akimtafuta binti yake Furaha, mtoto wa miaka miwili aliyempoteza katika kukimbia. Maman Nsimire aliwasha kompyuta mbele yake. Hakuna kitu. Mfanyakazi aliyempeleka mtoto kwa familia alikuwa amekimbia kama mimi. Mama yule akakaa kwenye benchi la mlangoni siku tisa akingoja fundi arudi. Siku ya kumi mtu akamwambia kuna watoto wameonekana Uvira, akaondoka.

Niliporudi, kazi ilikuwa ya dakika kumi: parafujo mbili, diski ya zamani mahali pake. Furaha alikuwepo kwenye orodha. Nyumba alimowekwa ilikuwa mtaa wa Nguba, mwendo wa robo saa kutoka lile benchi. Nilisoma mstari ule mara tatu. Maman Nsimire alisimama nyuma yangu, naye akausoma. Hakuniambia "nilikuambia." Aliketi, akaweka mikono usoni.

Tulituma ujumbe kwa parokia za bondeni, Sange na kwingineko. Jibu halikuja. Mpunga ulivunwa mara tatu ndipo mama yule akarudi, amekonda, na mimi mwenyewe nikampeleka Nguba. Furaha alikuwa na miaka mitano. Alimtazama mgeni, akajificha nyuma ya kikwembe alichojifunga mama aliyemlea, akamuuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini: "Maman, huyu mutu ni nani?"

Maman Zawadi hakulia mbele ya mtoto. Alitoka, akanikuta uani.

"Ni wewe ulificha majina?"

"Ni mimi, Maman."

"Nilikaa pale siku tisa. Haukukuwa na hata mutu moja wa kuambia?"

Mtu wa kuambiwa alikuwepo, ananiletea viazi kila Jumatatu, nami nilimwambia aandike barua zake. Mtoto alimzoea mama yake baadaye, polepole, kwa machozi mengi ya wanawake wawili. Lakini ile miaka mitatu hakuna fundi wa kuirudisha. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu ndiye pekee ninayeishi naye nyumbani.

Mwanangu, nimebadilisha diski nyingi tangu hapo, nikawasha mifumo mipya isiyohesabika. Kuanza upya kwa mashine ni rahisi, mtoto wa shule anaweza. Kabla hujafungua parafujo ya kwanza, mwambie mtu wapi umeweka vya zamani. Na si diski tu: dawa unayokunywa, deni la moyo, kaburi la ndugu yako, usivibebe peke yako. Mficha uchi hazai. Utasalitiwa, ndiyo, mimi nilisalitiwa. Lakini jirani mmoja alinichukulia kaka, na woga wangu ukachukua watu wote waliobaki, hata aliyeniletea viazi. Alifariki kabla sijamwomba msamaha.

Mungu akulinde na kila anayevunja mlango. Na akupe mtu mmoja, mwanangu, hata mmoja tu, utakayemwambia "pahali" ni wapi.