Siku tuliyocheza voliboli kwenye sakafu isiyoinama, Petit Stade ya Remera

Wakuu, wewe unayesoma na chai yako pembeni, sogea kidogo nikusimulie. Ni ya kweli, nilikuwepo na magoti yangu yanakumbuka.

Ilikuwa 1991, Kigali. Vita vilikuwa kaskazini, lakini Jumapili mjini watu bado walitafuta pa kushangilia.

Mimi nilichezea timu ya mtaani Nyamirambo. Siku hiyo tulicheza na mafundi gereji wa Gikondo, ndani ya ule ukumbi mdogo ulio jirani na uwanja mkubwa wa taifa. Timu itakayoshinda ingepewa ukumbi huo kufanyia mazoezi kila Jumamosi.

Wakuu, ukumbi wenye paa! Sisi mvua ikinyesha tulikuwa tunarudi nyumbani.

Sasa niwaeleze taratibu kuhusu kiwanja chetu, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kilikuwa cha udongo, kwenye mteremko. Upepo nao ulishuka na mlima.

Ukiwa upande wa chini, unapiga sevisi kwa nguvu zote. Ukiwa juu, unaugusa tu mpira, upepo unamalizia kazi. Ndiyo maana kila seti tuliuliza kwanza: "Tuko juu ama chini?"

Basi tumeingia ukumbini, Hamadi, kapteni wetu, fundi cherehani, akaangalia upande tuliopewa akasema kwa mazoea, "Tuko chini!"

Tukapiga kama wa chini. Mipira yote ikaenda ukutani.

Jamaa wa Gikondo wakacheka hadi wakashikana mabega. "Weye Nyamirambo, iko munacheza ama munafukuza ndege?"

Seti ya kwanza ikaenda. Tukabadilishana upande. "Sasa tuko juu!" Tukagusa kidogo kidogo, mipira ikafia kwenye neti.

Niliiona ile Jumamosi yetu ikiondoka.

Hamadi akaomba mapumziko. Hakutugombeza. Akachuchumaa, akaweka mpira sakafuni, akaondoa mkono.

Mpira ukatulia.

Msicheke wakuu. Kwetu mpira ukiuweka chini lazima mtu aukimbilie. Tukabaki tunautazama.

"Yewe, haiendi," nikasema.

"Haiendi," Hamadi akajibu. "Hapa hakuna juu, hakuna chini. Leo mupige ya katikati." Akamgeukia mchezaji wetu mrefu, aliyesimama kama yuko mteremkoni. "Na weye mrefu, acha kuinama, mlima umebaki nyumbani!"

Tukacheka wote, na kicheko kile kikatulegeza mikono. Kila aliyeenda kupiga sevisi, sisi wengine tulimwimbia, "Kaaati!" Seti ya pili tukachukua. Ya tatu hata mashabiki wa Gikondo waliimba "Kaaati" pamoja nasi.

Tukashinda. Tulirudi Nyamirambo kwa miguu tukiimba, na Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha sana. Tuliisikia juu ya bati huku tukicheza.

Wa kukumbuka nao wimbo ule siku hizi ni wachache. Ndiyo maana nimeuandika hapa.

Nilichojifunza: mwili hubeba kiwanja cha nyumbani bila kukuambia. Anayekosea ugenini si lazima awe mbovu. Mpe muda asimame sawa.

Nanyi mliowahi kucheza Remera enzi hizo, tupieni kumbukumbu zenu hapo chini.

Na ukialikwa kucheza mahali pageni, fika mapema, weka mpira chini, ondoa mkono, na utazame unaelekea wapi kabla hujapiga.